Bawabu, Kipande na Kadi: Tarikhi ya Milango ya Muthurwa

Reli iliyoanza kutandikwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilipofika, tarehe 30 Mei 1899, katika uwanda wa kinamasi wenye mto wa maji baridi, baada ya kukata zaidi ya maili 300 za nyika na mbuga, wakuu wake waliamua kuyahamishia hapo makao yao makuu kutoka pwani. Na mji uliozaliwa kando ya reli hiyo, ambao ndio Nairobi, ulianza maisha yake kwa kuuliza maswali matatu ambayo haujaacha kuyauliza hata leo, yaani ni nani aliyeingia, kwa idhini ya nani, na atatoka lini. Miji ya kale ya pwani, kama Lamu na Mombasa, ilikua kwa karne nyingi kabla ya kuwa na dola ya kuwaandika wakazi wake mmoja mmoja. Nairobi ilizaliwa karani akiwa tayari ameketi mezani.

Muthurwa imekaa baina ya Haile Selassie Avenue na Landhies Road, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni, na ndiyo kizingiti ambacho mtu atokaye Shauri Moyo, Makongeni au Kaloleni hukivuka alfajiri kabla ya kuingia mjini. Upande mmoja yamesimama majumba ya ghorofa yenye afisi, benki na vyumba vya biashara; upande wa pili imeenea mitaa ya Eastlands, wanakotoka wengi wa wale wanaoyafagia majumba hayo, kuyalinda na kuyaandikia barua. Siku hizi wenye majumba wana shughuli moja inayofanana: mitambo ya kuruhusu watu milangoni, ile ya kadi na visomaji iliyofungwa miaka kumi na mitano au ishirini iliyopita, imechakaa na yahitaji kubadilishwa. Aghalabu shughuli hii huachiwa mafundi wa umeme na wauzaji wa vifaa. Lakini mlango huo wa kadi ni wa karibuni tu katika mfululizo mrefu wa milango, na mfululizo huo, ukisomwa kwa utaratibu, waonyesha kwamba chuma cha mlango kilibadilika katika kila zama, ilhali kilichomfaa au kumdhuru mpitaji kilikuwa daftari lililowekwa nyuma ya mlango: nani ameandikwa humo, nani ana mamlaka ya kumfuta, na kama mwenye jina aweza kuyaona yaliyoandikwa juu yake.

Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, aliyeitwa kuichunguza afya ya mji uliokwisha kuguswa na tauni, alishauri kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika watengewe kila mmoja mtaa wake. Na ingawa sababu iliyotajwa ilikuwa siha, natija yake ilikuwa kwamba vilima vya magharibi vyenye miti na upepo vilibaki kwa Wazungu, na nchi tambarare ya mashariki, yenye udongo mweusi unaonata mvua inyeshapo, ikawa ya Waafrika. Pumwani ilifunguliwa katika miaka ya mwanzo ya 1920 kuwa mtaa wa Waafrika chini ya baraza la mji. Shirika la reli, lililokuwa na watu wake wengi na haja yake mwenyewe ya kuwaweka karibu na karakana, lilijenga Muthurwa katika miongo iliyofuata Vita Kuu ya kwanza: safu kwa safu za vyumba, kila familia au kundi la wanaume na chumba chake, maji na vyoo vikiwa vya pamoja.

Chumba cha Muthurwa kilikuwa sehemu ya ujira. Aliyeandikwa kazi alipewa, aliyeachishwa alipokonywa, na aliyestaafu alifunga mzigo wake akarudi kwao, kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba Mwafrika angezeekea mjini. Hivyo basi ufunguo aliotia mfukoni kila asubuhi alipokwenda karakana ulimfungulia mlango kwa muda uleule tu ambao jina lake lilikuwa katika daftari la mishahara, na siku karani alipolipigia mstari jina hilo, kitasa kilikuwa kimekwisha kubadilishwa ijapokuwa hapana fundi aliyekigusa.

Watu wa reli hawakuhitaji kufundishwa maana ya idhini. Katika reli ya njia moja, dereva wa gari la moshi hakuthubutu kuingia sehemu iliyo mbele yake mpaka mkuu wa stesheni amruhusu, kwa maana pasipo ruhusa hiyo magari mawili yangekutana uso kwa uso; na kwa kuwa idhini hii ilimlinda yeye mwenyewe pamoja na abiria wake, hakuna aliyeilalamikia. Idhini aliyotakiwa kuichukua mtia makaa wa gari hilohilo, alipovua nguo za kazi na kutoka jioni kwenda kumjulia hali nduguye Pumwani, ilikuwa ya namna nyingine kabisa, na ilining'inia shingoni mwake.

Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikacheleweshwa na vita, ikaanza kutekelezwa mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyedhaniwa kuwa ametimiza miaka 16 alitakiwa aandikishwe na kupewa kipande, karatasi iliyokunjwa na kutiwa katika kikebe cha chuma, ambamo mliandikwa jina lake, wilaya yake na kabila lake, alama za vidole vyake, jina la kila mwajiri, siku aliyoanza kazi, ujira wake, na siku aliyoachwa pamoja na sahihi ya aliyemwacha. Nguvu yote ya kipande ilikuwa katika sahihi hiyo ya mwisho. Aliyeondoka kazini kabla haijatiwa hakuweza kuandikwa kazi kwingine kwa halali. Mwajiri wake angeweza kumshitaki kwa utoro. Na afisi ya usajili, yenye nakala ya vidole vyake, ingeweza kumtambua hata akibadili jina na kuhama wilaya.

Elimu ya kuzipanga alama za vidole ili ipatikane moja miongoni mwa maelfu ilitoka Bengal, ambako Edward Henry, akisaidiwa na Azizul Haque na Hem Chandra Bose, waliokokotoa sehemu kubwa ya hesabu yake, aliisimika katika afisi ya polisi ya Calcutta mwaka 1897, na London ikaifuata mwaka 1901. Lakini Uingereza iliitumia elimu hiyo kwa wahalifu, na Kenya ikaitumia kwa kila mwanamume Mwafrika, awe mpishi, mtia makaa au karani, kana kwamba kuajiriwa kwenyewe kulikuwa mwanzo wa tuhuma. Yafaa jambo hili likumbukwe na kila asimamaye leo mbele ya kisomaji cha kidole mlangoni mwa afisi akidhani kwamba ameona kitu kipya: kidole cha mfanyakazi wa Nairobi kiliwekwa katika daftari kabla ya mfanyakazi huyo kuwa na nyumba yenye namba.

Malalamiko hayakukawia. Harry Thuku, karani wa simu katika afisi ya hazina, alipowakusanya watu wa Nairobi mwaka 1921, kipande kilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapinga, pamoja na kodi, kazi za kulazimishwa na kupunguzwa kwa mishahara. Naye alipokamatwa Machi 1922, umati uliokuja mbele ya kituo cha polisi kudai aachiliwe ulipigwa risasi tarehe 16 ya mwezi huo, wakafa watu wengi, miongoni mwao Mary Muthoni Nyanjiru, aliyekuwa mstari wa mbele. Kipande kikaendelea robo karne nyingine. Mwaka 1947 kiliondolewa, ikaja sheria ya kuwaandikisha watu wa rangi zote; na Wazungu walipoambiwa kwamba wao nao watatia vidole vyao katika wino, walipiga kelele kubwa, wakaita jambo hilo aibu, hata serikali ikatafuta njia ya kuwaruhusu waliojua kuandika watoe sahihi na picha badala ya vidole. Yale yaliyoitwa utaratibu mwema kwa miaka 27 yaligeuka kuwa fedheha mara tu yalipowafikia waliokuwa wakiyaamrisha.

Muhula uliofuata ulikuwa mgumu zaidi. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954, kwa amri ya Jenerali George Erskine, majeshi yaliuzingira mji wote na kuanza kuisaka mitaa ya Waafrika nyumba baada ya nyumba. Watu walitolewa nje, wakapangwa katika foleni, wakapitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa nyuso, na zaidi ya elfu ishirini walipelekwa vizuizini, wengi wao Manyani na Mackinnon Road. Waliobaki, ikiwa ni Wakikuyu, Waembu au Wameru, walitakiwa kuwa na vitabu vya pasi, na baadhi ya mitaa ya Eastlands ilizungushiwa seng'enge yenye malango ya kulindwa. Siku hizo mlango wa chumba haukuwa na maana yoyote, maadamu askari alikuwa na haki ya kuuvunja. Lililopambanua baina ya mtu kulala kwake na kulala kizuizini ni kama jina lake lilikuwa katika orodha hii au ile, na orodha hizo hazikuonyeshwa kwa aliyeandikwa.

Hata hivyo, ingekuwa dhuluma kuisimulia Muthurwa kana kwamba wakazi wake hawakuwa na milango yao wenyewe. Ndani ya safu zile waliishi watu wa Nyanza na Ukamba, wa Kikuyu na Taita na pwani, na desturi waliyoshirikiana ilikuwa ya hodi. Mchana mlango ulikaa wazi, pazia likining'inia. Mgeni alisimama nje akapiga hodi, na asipojibiwa mara ya tatu alirudi zake, adabu ambayo watu wa pwani huihesabu katika mafundisho ya dini. Hodi humtambulisha mpitaji kwa sauti yake, humwachia mwenye nyumba hiari ya kukaribisha au kunyamaza, na haiachi kumbukumbu ila katika vichwa vya majirani, ambao nao husahau kwa wakati wake. Kwa watu waliobeba historia yao ya kazi shingoni, ilikuwa faraja kubwa kuwa na mlango usiowahoji.

Usiku, au wenyewe walipokwenda kazini, palifungwa komeo na kufuli. Sanaa ya kufunga haikuwa ngeni katika Afrika ya Mashariki: nyumba za mawe za pwani zilikuwa na komeo na pingo za mbao nyuma ya milango ya nakshi, na kanuni ya vijiti vinavyoangukia matunduni mpaka viinuliwe na ufunguo wenye meno, aliyoitia Linus Yale mdogo katika kitasa cha shaba huko Marekani miaka ya 1860, ilijulikana Misri tangu kale. Wala kasoro ya kufuli haikuwa siri. Mwaka 1851, katika maonyesho makubwa ya London, fundi Mmarekani A. C. Hobbs alizifungua kufuli za Chubb na Bramah, zilizosifiwa kwa miaka mingi kwamba hazifunguki, na tangu hapo kila mwuza kufuli mkweli amejua kwamba anauza muda wala hauzi usalama wa daima. Kasoro kubwa zaidi ya ufunguo ni kwamba haumjui aushikaye. Ukipotea, au ukichongwa nakala, mlango humtii mwizi kama umtiivyo mwenyewe, na hapana dawa ila kubadili kitasa.

Kwa sababu hiyo majumba ya biashara yaliyoota katika mji yalimtegemea bawabu zaidi ya kitasa. Bawabu wa zamani alikuwa na nyuso kichwani. Alimjua karani wa ghorofa ya pili, alimjua mkewe, na alijua kwamba fulani ameachishwa kazi hata kabla ya barua kuandikwa. Majumba yalipoongezeka na wapangaji wakawa wa kuja na kuondoka, kumbukumbu hiyo haikutosha, ndipo likawekwa mezani daftari la wageni, lenye safu za jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, anayekwenda kuonwa, saa ya kuingia na saa ya kutoka, nalo likajazwa kwa kalamu iliyofungwa uzi ili isichukuliwe. Kila ajaye huweza kuyasoma ya waliomtangulia, na ni nadra kusikia kwamba daftari lililojaa limeteketezwa kwa utaratibu wowote.

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, katika pembe ya Haile Selassie Avenue na Moi Avenue, ambayo mtu wa Muthurwa huifikia kwa miguu kabla jasho halijamtoka, gari lililosheheni baruti lilifika nyuma ya ubalozi wa Marekani. Mlinzi aliyekuwa kwenye kizuizi alikataa kulifungulia. Mlipuko uliofuata uliua watu 213, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au njiani, ukaliangusha jumba la Ufundi lililokuwa jirani. Kizuizi kikawa kimewakinga kwa kadiri fulani waliokuwa ndani ya ubalozi, na watu wa nje, wasio na kizuizi cha kuwakinga, wakabeba sehemu kubwa ya msiba. Baada ya siku hiyo, na zaidi baada ya shambulio la Westgate tarehe 21 Septemba 2013, walipouawa watu 67, na shambulio la Riverside tarehe 15 Januari 2019, walipouawa 21, mlango wa jumba la Nairobi haukurudi tena kuwa jambo dogo. Mikoba ilipekuliwa, magari yakamulikwa kwa vioo chini ya tumbo, na sheria ya mwaka 2016 ya kudhibiti kampuni za ulinzi ikampa soja wa mlangoni uwezo wa kumtaka mgeni ajitambulishe, kuandika saa zake za kuingia na kutoka, na kukishika kitambulisho chake kwa muda.

Katika hali hiyo ndipo mtambo wa kadi ulipoonekana kuwa rehema. Asili yake ni ya miaka ya 1970: mwaka 1973 Charles Walton wa California alipata hataza ya kifaa kidogo kisicho na betri, ambacho kikikaribishwa kwenye kisomaji hupata nguvu kutoka kwenye mawimbi yake, hutamka namba yake, na mlango hufunguka, na katika mwongo huohuo John Wiegand alivumbua waya wa sumaku ambao jina lake lilibaki katika namna ya kupeleka namba hiyo kutoka kisomaji hadi kwenye kidhibiti kilichofichwa ndani ya dari. Namna iliyoenea zaidi ina nafasi 256 tu za kulitambulisha jumba na namba 65,536 za kadi. Faida yake juu ya ufunguo ilikuwa dhahiri: kadi ikipotea, karani huifuta namba moja katika kompyuta, na wengine wote huendelea na shughuli zao.

Lakini faida hiyo husimama juu ya sharti moja, kwamba karani aifute. Majumba mengi yenye mitambo ya umri huo yana kompyuta kongwe chini ya meza ya msimamizi, iendeshwayo kwa Windows XP, ambayo Microsoft iliacha kuitunza Aprili 2014, na ndani yake mna orodha ambamo wapangaji waliohama, wafanyakazi walioachishwa, hata na marehemu, bado wana ruhusa ya kupita. Aliyewaandika alikwisha kuondoka. Anayekaa mahali pake alirithi neno la siri na woga wa kugusa. Kipande kilimtesa mtu kwa kukataa kumfuta mpaka bwana atie sahihi, na mtambo wa kadi, kwa uzembe tu wala si kwa nia, umefikia hali inayofanana na hiyo kwa upande wa pili, kwamba jina likiingia halitoki, na kadi iliyosahauliwa katika droo ya mtu aliyeondoka kwa kinyongo hufungua mlango usiku wa manane.

Kadi zenyewe nazo zimezeeka. Zile za mawimbi ya chini hutamka namba yao waziwazi kwa kisomaji chochote kitakachouliza, na kifaa cha kuzinakili huuzwa kwa bei ndogo. Zilizofuata, zenye hesabu ya siri ndani yake, zilivunjwa mwaka 2008 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Nijmegen. Mwenye kuzitengeneza alikwenda mahakamani azuie maandishi yao yasichapishwe, na mahakama ya Uholanzi ikakataa, kwa hoja iliyo karibu sana na ile aliyoionyesha Hobbs, kwamba aibu ni ya kufuli dhaifu na si ya aliyeusema udhaifu wake.

Wakati majumba ya mjini yakijifungia hivyo, Muthurwa yenyewe ilikuwa ikiulizwa upya maswali yaleyale matatu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli iligawanyika, na shirika la Kenya likaundwa mwaka 1978. Kazi ikapungua mwaka hata mwaka, lakini familia za waliokuwa wafanyakazi, na wapangaji waliofuata, waliendelea kukaa katika vyumba vilevile. Ardhi na nyumba zilikabidhiwa kwa wadhamini wa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, ili mapato yake yawalipe wastaafu, hivyo nyumba zilizojengwa kuwa ujira wa walio kazini zikawa dhamana ya kuwalipa walioimaliza kazi. Wakazi walipewa ilani ya kuhama, na Julai 2010 ubomoaji ukaanza. Walikwenda Mahakama Kuu chini ya katiba iliyotangazwa Agosti mwaka huohuo, na tarehe 30 Agosti 2013 Jaji Isaac Lenaola alitamka kwamba haki zao, pamoja na haki ya makazi, zilikuwa zimevunjwa kwa namna walivyotolewa, akaziagiza pande zote zikutane ziupange uhamisho huo kwa utaratibu. Kwa mara ya kwanza tangu Muthurwa ijengwe, jina la mkazi lilikuwa na uzito wake mbele ya sheria hata lisipokuwamo katika daftari la mishahara ya reli.

Kando ya vyumba hivyo, mwaka 2008, lilifunguliwa soko la Muthurwa, lililokusudiwa kuwapokea wachuuzi walioondolewa katika barabara za katikati ya mji. Huko hakuna kadi. Mwenye mkokoteni, mama mboga, mwuza mitumba na abiria wa matatu huingia wote kwa mlango uleule, na ulinzi wa mali usiku ni kufuli la mwenye kibanda na soja wanaomchangia fedha. Haifai kulipamba soko hilo, kwa maana lina wezi wake na tope lake. Lakini wajuanao kwa nyuso humtambua mgeni upesi, na ujuzi wao huo hujisahihisha wenyewe kila siku, kwa kuwa aliyehama haonekani na asiyeonekana hasalimiwi. Hakuna kompyuta ya jumba la jirani iliyo na daftari safi kama hilo.

Sasa turudi kwa mwenye jumba ambaye mtambo wake umechakaa, aliyeketi na fundi. Fundi mwenye busara huanza kwa kuhesabu milango na kuzikagua nyaya, kwa kuwa nyaya za zamani, zikiwa nzima, mara nyingi zaweza kubaki. Visomaji hubadilishwa kwa vile visomavyo kadi za zamani na mpya pamoja, ili wapangaji wahamishwe ghorofa kwa ghorofa pasipo kuzuia kazi. Mawasiliano baina ya kisomaji na kidhibiti, ambayo kwa namna ya Wiegand huenda wazi bila kufichwa, huhamishiwa kwenye kanuni mpya iitwayo OSDP, iliyokubaliwa kimataifa mwaka 2020. Na siku ya mwisho visomaji huamriwa viache kuzitambua kadi za zamani. Hatua hii ndogo ya mwisho ndiyo isahaulikayo. Jumba lenye visomaji vipya vinavyoendelea kuzikubali kadi zinakilikazo limetumia fedha nyingi kubaki pale lilipokuwa.

Liko pia suala la umeme, ambalo mtu wa Nairobi halihitaji kuelezwa. Tarehe 25 Agosti 2023 giza liliifunika karibu nchi nzima kwa saa nyingi, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia kizani. Mlango wa sumaku hufunguka umeme ukikatika, na kitasa cha umeme chaweza kufungwa kifanye kinyume chake; basi kila mlango lazima uamuliwe mapema, ule wa njia ya kuukimbia moto uwe wa kufunguka kwa ndani daima bila kadi wala umeme, na ule wa chumba cha fedha uwe na betri iliyopimwa, maana betri iliyokaa darini miaka kumi ni pambo. Bawabu wa zamani alikuwa na ubora mmoja, kwamba umeme ukikatika hakuwasahau watu.

Linalobaki ndilo zito, nalo ni kidole. Wauzaji wengi hupendekeza kwamba kadi iachwe kabisa na mahali pake pawekwe kisomaji cha kidole au cha uso, kwa hoja kwamba kidole hakikopeshwi wala hakisahauliwi nyumbani. Ni hoja ya kweli. Lakini kadi iliyonakiliwa hubadilishwa kwa siku moja, na kidole kikishaibwa katika kompyuta isiyotunzwa hakina badala. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 imezihesabu alama za mwili kuwa habari nyeti, ikampa mtu haki ya kujua zinachukuliwa kwa nini, kuziona, kuzisahihisha na kutaka zifutwe pale zisipohitajika tena. Haki hizo nne, zikipimwa kwa tarikhi tuliyoipitia, ndizo hasa alizonyimwa mwenye kipande: hakuulizwa, hakuonyeshwa rejesta, hakuweza kulikanusha neno la mwajiri, na hakuweza kujifuta.

Kwa hiyo kabla ya kukubali bei ya visomaji, mwenye jumba na aketi kwanza na wapangaji wake wote, walipitie daftari jina kwa jina, wamfute kila aliyeondoka, wamteue mmoja kwa maandishi awe na jukumu la kufuta siku ileile mtu aachapo kazi, na wakubaliane kumbukumbu za kupita zitahifadhiwa miezi mingapi kabla ya kuteketezwa, zikiwamo zile za daftari la wageni lenye kalamu ya uzi. Kazi hiyo ni ya karani mmoja mwangalifu kwa majuma machache, na hakuna mwuza vifaa atakayeitia katika hati yake ya bei, kwa kuwa hapati faida kwayo. Ikifanywa, hata mtambo wa wastani utawafaa watu wa jumba hilo. Isipofanywa, mtambo wa gharama kubwa kuliko yote utayatii makosa yaliyokuwamo, kwa wepesi zaidi kuliko yalivyotiiwa na mtambo wa zamani.